MLS au NFL: ushike ipi ukiwa Marekani, na kwa nini soka bado inasota huku

Wadau mliohamia huku karibuni, hili swali naulizwa sana. Umetoka Dar, Mombasa, Goma au Bujumbura, mpira uko kwenye damu, umetua Dallas au Columbus au Minneapolis, unataka timu ya kushabikia, sasa ushike MLS, ligi kuu ya soka ya huku, ambayo ni mpira uleule unaoujua toka utotoni, au uingie NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, ambayo kazini kila mtu anaiongelea Jumatatu asubuhi? Nimeamua nizipime zote mbili, na ukifuatilia vizuri utaona pia kwa nini soka imehangaika miaka yote kuwapata Wamarekani, maana lile jibu la kijiweni kwamba hawa jamaa hawaelewi mpira mi silikubali kabisa.

Msimamo wangu ni huu: mtu anaipenda ligi kwa sababu mbili kubwa, ama ni bora kuliko zote, ama ameirithi kwa baba na babu. NFL ina zote mbili. MLS mpaka sasa haina hata moja iliyokamilika. Mmarekani amezoea ligi bora duniani iko mlangoni kwake, NFL hivyo, NBA hivyo, MLB ya besiboli hivyo, mchezaji mkali wa basketi awe wa Serbia au wa Kongo ndoto yake ni kuja hapa, halafu unamwambia Jumamosi jioni twende tukaangalie MLS wakati asubuhi hiyohiyo ameshaiona Liverpool au Arsenal laivu kwenye NBC. Na kwetu je? Sisi pia tunabanana kwenye vibanda umiza kuangalia Premier League, lakini Simba na Yanga zikikutana Uwanja wa Mkapa unajaa, kwa sababu Yanga ni ya 1935 na Simba ya 1936, mtoto anazaliwa anakuta nyumba ina rangi yake tayari. MLS imeanza 1996. Wale waliopelekwa uwanjani na wazazi wao wakiwa wadogo ndo kwanza na wao wanapeleka watoto wao sasa hivi.

Ukitaka kuona urithi wa NFL ulivyo, angalia Green Bay Packers. Kamji kadogo ka Wisconsin, watu laki moja na kidogo, timu ipo toka 1919, wenye timu ni mashabiki wenyewe waliouziwa hisa, na foleni ya kusubiri tiketi za msimu ni ndefu kiasi kwamba kuna wazazi wanaandikisha mtoto akiwa bado mchanga. Au Detroit Lions, kila sikukuu ya Thanksgiving toka 1934 wanacheza, ukiacha ile miaka ya vita, hivyo hata familia isiyojali michezo siku hiyo bata mzinga yuko mezani na Lions wako kwenye TV. Hicho kitu huwezi kukinunua kwa hela, inabidi miaka ipite.

Sasa tuje kwenye vitu vya kupima, tuanze na muda maana hapa ndo tofauti kubwa kwa mtu mwenye kazi mbili na watoto. Mechi ya NFL kwa saa ya uwanjani ni dakika 60, robo nne za dakika 15, lakini utakaa masaa matatu na zaidi. Gazeti la Wall Street Journal lilipiga hesabu 2010 likakuta mpira wenyewe unachezwa kama dakika 11 tu, kilichobaki ni kupanga, kurudia picha, makocha kuonyeshwa wakikunja sura, na matangazo, matangazo, matangazo. Soka dakika 45 mfululizo, mapumziko, nyingine 45, masaa mawili umemaliza unaenda zako kulala au kushika zamu. Kwa mtazamaji hiyo ni raha, kwa kampuni ya TV ya Kimarekani ilikuwa maumivu makubwa, tangazo uliweke wapi? Mwaka 1967 refa mmoja alikiri kwamba kwenye mechi iliyoonyeshwa na CBS alipuliza faulo 21, na 11 kati ya hizo zilikuwa za kupisha matangazo tu! Fikiria mchezaji anaambiwa abaki chini kwanza, watu wanauza bidhaa. TV ndo iliyoifanya NFL iwe dubwana ililo leo, na TV hiyohiyo kwa miaka mingi haikuona sababu ya kuhangaika na mchezo usio na nafasi ya kuuza kitu, kwa hiyo soka ikakosa ule mlango ambao mwenzake aliupitia.

Mabao. Hapa naomba mnisikilize vizuri kwa sababu kila Mmarekani atakwambia soka haina magoli. Kwenye NFL tachidauni moja, yaani kuufikisha mpira mwisho wa uwanja upande wa mpinzani, ni pointi 6, inaongezwa 1 kwa teke, inakuwa 7, na kupiga mpira katikati ya milingoti ni pointi 3. Kwa hiyo mechi ya 21-14 ni mara tatu kwa mbili, basi, hakuna muujiza. Super Bowl, fainali ya NFL, ya Februari 2019 New England Patriots waliifunga Los Angeles Rams 13-3, mechi nzima tachidauni MOJA, na hakuna aliyesema mchezo ufutwe. Kwa hiyo hesabu ya mabao sio tatizo lenyewe. Tatizo liko katikati ya mabao. Kwenye NFL timu inapewa majaribio manne kusogeza mpira yadi 10, ikifika inapewa mengine manne, ikishindwa inampa mwenzake, hivyo kila baada ya sekunde chache kuna jibu, wamepata yadi 4, wamerudi nyuma 2, wamebakiza 3 na jaribio ni la mwisho, uwanja mzima unasimama. Mmarekani amelelewa hivyo, kuhesabu hatua. Soka timu inaweza kupiga pasi ishirini nzuri za kukata na shoka halafu mpira ukatoka nje, kwenye karatasi hakuna kitu, na yeye anauliza sasa hapo kimetokea nini? Wewe uliyekulia kwenye mpira uliona beki wa kulia amevutwa, umeona nafasi imefunguka, moyo ulienda mbio. Yeye hajafundishwa kuona hiyo nafasi. Ni suala la jicho, na jicho linafundishika, mi nimeona watu wazima kabisa kazini wakianza kuona.

Kwako wewe mgeni hali ni kinyume. Utaangalia NFL mwanzo utaona jamaa wamejazana, filimbi, wamelala, filimbi. Usikate tamaa mapema. Shika kitu kimoja tu, maandishi madogo kwenye skrini yanayosema jaribio la ngapi na yadi zimebaki ngapi, yafuate hayo na kwotabeki, yule anayeanzisha mashambulizi na kurusha mpira, mengine yatakuja yenyewe. Ukishashika hiyo utaona ni mchezo wa akili sana, karibu kila mchezaji ana kazi yake moja iliyopangwa toka katikati ya wiki.

Sare nayo ina historia yake hapa. Mmarekani anataka aondoke akijua nani kashinda. Septemba 2025 Dallas Cowboys na Packers walitoka 40-40, mechi tamu ajabu, na bado watu wiki nzima walikuwa wanaongea kama walioibiwa mshahara. Wenye MLS walilijua hilo toka mwanzo wakaamua kumridhisha: kuanzia 1996 mpaka 1999 hakukuwa na sare, mkilingana mnaenda kwenye mashuti, lakini sio penalti tunazozijua, mchezaji anaanza na mpira yadi 35 kutoka golini, anapewa sekunde 5, anakimbia nao na kipa anaruhusiwa kumtokea. Na saa ya uwanjani ilikuwa inahesabu kurudi nyuma kama ya basketi, ikifika sifuri mpira umeisha. Unajua kilichotokea? Wahamiaji na wote waliokuwa wanaujua mpira waliona wanachezewa, na yule shabiki wa NFL waliyekuwa wanamlenga hakuja, kwa sababu kama anataka mchezo wa Kimarekani anao wa kwake. Msimu wa 2000 wakafuta mambo hayo. Kwa maoni yangu hilo ndo kosa kubwa kuliko yote ambayo soka ya huku imewahi kufanya, kumkimbilia asiyekupenda na kumuacha anayekupenda amesimama mlangoni na hela mkononi.

Kabla ya hapo walishakosea kwa njia nyingine. Ligi ya soka ya NASL miaka ya 70 ilimleta Pelé kwenye timu ya New York Cosmos 1975, wakaja nyota wa Ulaya Beckenbauer na Chinaglia, Agosti 1977 Giants Stadium wakaingia watu 77,691 kwenye mechi moja. Pelé akastaafu mwaka huohuo, ligi ikajitahidi, baada ya msimu wa 1984 ikafa. Majina makubwa juu, chini hakuna mizizi. Nchi kubwa hivi ikakaa zaidi ya miaka kumi bila ligi kuu ya maana ya viwanja vya nje, mpaka FIFA ikawapa Kombe la Dunia la 1994 kwa ahadi kwamba wataanzisha ligi. Na lile kombe lilijaza viwanja kwa wastani wa karibu watu 69,000 kila mechi, kwa hiyo usiniambie watu hawapo.

Aliyelielewa somo ni mzee mmoja anaitwa Lamar Hunt, tajiri wa Texas, mwanzilishi wa Kansas City Chiefs, yaani mtu wa NFL haswa, lakini soka ilikuwa moyoni. MLS ilipokaribia kufa, mpaka 2002 wakazifuta timu mbili za Florida, yeye na wenzake wachache ndo walikuwa wanalipia karibu ligi nzima kwa mifuko yao. Na 1999 alishajenga Columbus uwanja wa mpira kwa ajili ya mpira, sio kukodi dude la NFL la watu elfu sabini mkakaa elfu kumi na tano mnasikia mwangwi wenu. Toka pale kila timu ikataka wa kwake, mashabiki wakasogea karibu na nyasi, ngoma zikaanza kupigwa nyuma ya goli, na ligi ikaanza kupata sura yake. Ilipoacha kuigiza ndo ilipokua.

Kuhusu ubingwa na kushuka daraja, hapa wewe ndo utakayeumia. MLS hakuna kushuka daraja. Timu 30, San Diego FC iliingia 2025 baada ya kulipa dola milioni 500, hakuna tajiri atakayetoa hela hiyo akubali kushushwa, kwa hiyo timu ya mwisho inamaliza msimu bila presha yoyote na mwakani ipo. NFL ni hivyohivyo na tena wa mwisho anazawadiwa kuchagua wa kwanza vijana wanaotoka vyuoni. Halafu bingwa anapatikana kwa mtoano. 2025 Philadelphia Union walimaliza na pointi nyingi kuliko wote, wakatolewa na New York City FC, na kombe likaenda Inter Miami ya Messi. Kwetu Union wangekuwa wanazunguka mji na gari la wazi. Mmarekani kwake hiyo ni kawaida kabisa, ila kwangu mimi bado inaniuma, ligi ya mechi 34 inatakiwa iwe na heshima yake.

Hela na TV nitapita haraka. NFL msimu ni mechi 17, nyumbani unapata 8 au 9, ndo maana tiketi ni moto, na paking nayo ni bili nyingine. MLS nyumbani ni 17, tiketi ya kawaida ni nafuu sana, familia nzima mnaingia kwa hela ambayo NFL ungeingia peke yako, isipokuwa Messi akija, hapo bei inaruka. Sporting Kansas City walipomkaribisha Aprili 2024 walihamisha mechi kwenda Arrowhead, uwanja wa Chiefs, wakaingia 72,610. Kwenye TV ni kinyume: NFL antena ya dola chache inakupa CBS, Fox, NBC na ABC bure, MLS toka 2023 iko Apple, mwanzoni ulilipia kifurushi cha peke yake, toka 2026 imeingizwa kwenye Apple TV ya kawaida. Hilo mi naona limewagharimu, mtu asiyejua soka hawezi kuikuta kwa bahati akiwa anabadilisha chaneli, na mashabiki wapya huwa wanapatikana hivyohivyo.

Wenye watoto sasa. Watoto wa huku wanacheza soka kwa wingi sana, Jumamosi asubuhi viwanja vimejaa, ila wengi wakifika sekondari wanapotea, maana shuleni Ijumaa usiku ni futiboli ya Kimarekani, bendi, taa, mji mzima upo, na kwenye soka timu nzuri za watoto ni za kulipia, inafika maelfu ya dola kwa mwaka na kusafiri juu. Kwa hiyo mchezo ambao kwetu unachezwa na mtoto wa mtu yeyote huku umekuwa wa wenye uwezo, na vipaji vingi vya wahamiaji vinabaki kwenye maegesho ya magari. Ndo maana kijana Bernard Kamungo kwangu ni mtu muhimu kuliko Messi. Kazaliwa Kasulu, Kigoma, familia ya wakimbizi wa Kongo, kambi ya Nyarugusu, 2016 wakaletwa Abilene, Texas. 2021 akaenda majaribio ya wazi ya North Texas SC, timu ya pili ya FC Dallas, yale ya kuja yeyote, akapita, akapanda FC Dallas, Agosti 2023 akawafunga Inter Miami Messi akiwa uwanjani, na Januari 2024 akavaa jezi ya timu ya taifa ya Marekani dhidi ya Slovenia. Wangapi wa namna hiyo hawakupata mtu wa kuwapeleka majaribio?

Na kama unataka ushahidi kwamba Wamarekani wanaipenda soka wakiwa bora, nenda kwa wanawake. Makombe ya Dunia manne, 1991, 1999, 2015, 2019. Fainali ya 1999 Rose Bowl waliingia watu 90,185, ya 2015 dhidi ya Japani, Carli Lloyd mabao matatu ndani ya dakika 16, watu kama milioni 25 waliangalia nchini. Mchezo uleule, sheria zilezile, mabao hayahaya machache, lakini wao ndo wababe, basi hakuna aliyelalamika. Na ligi yao ya NWSL mi nakushauri kabisa uiweke kwenye orodha yako, kwa sababu wanaoitikisa ni majirani zetu: Temwa Chawinga wa Malawi yuko Kansas City Current, mabao 20 msimu wa 2024, mchezaji bora wa ligi 2024 na tena 2025, na Barbra Banda wa Zambia ndo aliyefunga bao lililoipa Orlando Pride ubingwa wa 2024. Viwango vya dunia, bei ya tiketi ya kawaida.

NBA sitakaa sana, mpira wa kikapu mnaujua. Hasheem Thabeet wetu alichukuliwa namba 2 kwenye drafti ya 2009, pale timu zinapochagua vijana wapya, na Memphis, na watu wa Goma na Lubumbashi wana Kuminga na Biyombo wa kujivunia. Besiboli, mechi 162 kwa msimu, hiyo subiri mpaka ustaafu.

Kwa hiyo unachukua ipi? Kama shida yako ni upweke kazini, unataka Jumatatu uwe na cha kuongea na hawa jamaa, shika NFL, shika timu ya mji unaoishi, usijifanye wa timu inayoshinda, watakujua siku hiyohiyo. Iangalie kwa TV, bure, uwanjani nenda ukipata mualiko. Kama unataka kwenda uwanjani na mama watoto na watoto, uimbe, upige makofi, urudi mapema, MLS au NWSL bila kusita, na nunua tiketi za upande wa nyuma ya goli ambako vikundi vya mashabiki vinakaa, huko utakuta Wameksiko, Waganda, Wahonduras na Wamarekani weupe wanaimba pamoja, huwezi kukaa kimya hata ukitaka. Kama wewe ni wa ubora tu, hutaki kuona krosi inaenda jukwaani, basi baki na Premier League, Jumamosi asubuhi kabla ya zamu, wala hakuna ubaya.

Mi binafsi nashika mbili, NFL kwa TV na MLS kwa miguu, na kwa ratiba ya zamani ilikuwa inawezekana vizuri kwa sababu NFL inaisha Februari na MLS inaanza hapohapo, unakuwa na mpira mwaka mzima, mgongano ni Septemba mpaka Disemba tu. Ila MLS wametangaza kwamba kuanzia 2027 wanahamia kalenda ya Ulaya, Julai mpaka Mei na mapumziko ya baridi katikati, hivyo msimu mzima wa NFL utakuwa ndani ya msimu wao. Kama unafikiria kununua tiketi za msimu za MLS, zijaribu kabla hiyo kalenda haijabadilika, mechi za msimu wa joto jua likizama uwanja ni mtamu, na watoto hawavai makoti.